Mchezaji wa mstari katika ligi ndogo za futiboli ya Marekani

Katika futiboli ya Marekani, timu inayoshambulia huwa na watu 11 uwanjani, na watano kati yao husimama mstari mmoja, uso kwa uso na wapinzani. Katikati yupo senta, anayepitisha mpira nyuma katikati ya miguu yake. Kulia na kushoto kwake wapo gadi wawili, kisha takli wawili pembeni. Kazi ya hawa watano ni kuzuia: wamkinge kwotabeki, yaani mrushaji mkuu, mpaka aachie pasi, au wamfungulie njia mkimbiaji. Kwa kawaida sheria haziwaruhusu kudaka pasi. Mmoja wao akimkumbatia mpinzani ili kumzuia, timu hurudishwa nyuma yadi 10.

Mkimbiaji huhesabiwa yadi, mrushaji huhesabiwa pasi, na tangu 1982 NFL, ligi kuu ya mchezo huu, humwekea rekodi hata mlinzi anayemwangusha kwotabeki. Mtu wa mstari aliyezuia vizuri mechi nzima haandikiwi chochote. Anayetaka kujua thamani yake hana budi kumkazia macho yeye peke yake, kila mpira unapoanza. Kwenye ligi ndogo macho ya namna hiyo ni machache, na ndiyo maana mchezaji hodari anaweza kubaki huko miaka mingi bila kuitwa juu.

Tena umri haumwondoi haraka. Mkimbiaji anaishi kwa kasi, na kasi hupungua mapema. Wa mstari anategemea zaidi uzito, nguvu za mikono, namna anavyopanga miguu na ujanja wa kumsoma aliye mbele yake, mambo ambayo uzoefu huyaongeza. Katika ligi ndogo kama Atlantic Coast Football League (1962–1973) na Continental Football League (1965–1969), wengi walikuwa na ajira nyingine mchana, wakafanya mazoezi jioni. Kuendelea hivyo msimu baada ya msimu, kwa malipo madogo na mwili wenye maumivu, ni mapenzi ya kweli ya mchezo.

Wapo waliopanda. Bob Kuechenberg, gadi, alichaguliwa na Philadelphia Eagles, timu ya NFL, mwaka 1969 lakini hakupata nafasi NFL msimu huo, akachezea Chicago Owls ya ligi ya Continental. Mwaka uliofuata alijiunga na Miami Dolphins ya NFL, akakaa hapo hadi miaka ya 1980, na alikuwemo katika kikosi cha 1972 kilichoshinda mechi zote 17. Upande wa ulinzi, Otis Sistrunk hakucheza chuo kikuu kabisa. Alitoka Norfolk Neptunes, timu ya ligi ndogo, akaingia Oakland Raiders ya NFL mwaka 1972, na Januari 1977 akatwaa ubingwa wa Super Bowl, fainali ya NFL.

Ukitaka kuwaelewa, mpira unapoanza usiufuate. Mchague takli mmoja, umtazame miguu na mikono mpaka filimbi ipulizwe.