Kuhifadhi Qur'ani si lazima kila jioni madrasa

Utawasikia wazazi wa Eastleigh na South C, Nairobi, wakisema: mtoto asiyeenda madrasa kila jioni hatahifadhi kitu. Basi mtoto anashuka kwenye basi la shule akiwa hoi, anapelekwa chuoni na kusinzia mbele ya ustadhi.

Kinachohifadhisha ni marudio. Qur'ani yenyewe iliteremshwa kidogo kidogo kwa takriban miaka 23, na Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa amali impendezayo Mwenyezi Mungu zaidi ni inayodumu, japo ni chache.

Nairobi iko karibu na ikweta, kwa hiyo sala ya Magharibi, ya jua likizama, huingia karibu wakati uleule mwaka mzima, baina ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, au hapo karibu. Mkishasali, tumieni robo saa: mama asome aya, mtoto arudie, kisha aiunganishe na ya jana. Anzeni na Juzuu Amma, sehemu ya mwisho kati ya 30 za Qur'ani, yenye sura fupi. Al-Kawthar ina aya 3 tu. Sura za zamani arudie kwenye foleni ya Mombasa Road (siku nyingine foleni hiyo inatosha juzuu nzima!).

Ustadhi bado anahitajika kwa makharija, yaani matamshi sahihi ya herufi za Kiarabu, maana mzazi anayechanganya herufi haa na khaa humrithisha mtoto kosa. Kwa hilo, Jumamosi asubuhi huwatosha wengi.