Hoteli za Butiki Mjini: Yanayosemwa na Yalivyo Kweli

Anayekwenda mjini kwa siku mbili tatu hana muda wa kurekebisha kosa la malazi. Akifika Ijumaa jioni akakuta chumba hakilaliki, hadi amalize kulalamika na kuhamishwa, mapumziko yenyewe yamekwisha. Ndiyo maana imani zisizo na msingi kuhusu hoteli za butiki zinanisumbua kuliko zile za hoteli za kawaida. Hoteli ya kawaida hufanana na wenzake, na ukilala katika moja umeshazijua nyingi. Ya butiki imetengenezwa makusudi isifanane na nyingine, kwa hiyo anayeilipia kwa jina tu analipia asichokijua.

Dhana potofu: butiki ni daraja rasmi, kama nyota

Hakuna mamlaka ya kimataifa inayokagua hoteli na kuipa hadhi ya butiki, wala ya kuivua. Ni jina la kibiashara, na mwenye nyumba akitaka kuliandika mlangoni hakuna wa kumzuia. Hoteli za namna hii zilianza kuvuma kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na katikati ya miaka ya 1980. Anouska Hempel alifungua Blakes mjini London mwaka 1978. Bill Kimpton akaanza San Francisco mwaka 1981, akichukua majengo ya zamani na kuyapa uhai mpya. Mwaka 1984 Ian Schrager na Steve Rubell wakafungua Morgans mjini New York. Kilichowaunganisha hawa ni mtazamo mmoja: hoteli iwe na sura yake yenyewe, na ukumbi wa chini uwe mahali pa watu kukaa, kunywa na kukutana, si pa kuchukulia funguo tu. Wazo hilo la ukumbi lina gharama yake usiku, nitalirudia.

Hata nyota zenyewe hazina kipimo kimoja duniani. Barani Ulaya kuna umoja wa Hotelstars, ulioanza mwaka 2009, ambao nchi wanachama wake hutumia orodha moja ya vigezo zaidi ya 200. Ufaransa ina utaratibu wake kupitia Atout France, shirika la taifa la utalii, na nyota zake hudumu miaka 5 kabla ya kukaguliwa upya. Marekani serikali haitoi nyota kabisa; huko wanaotathmini ni watu binafsi, kama chama cha wenye magari cha AAA kinachotoa almasi na Forbes Travel Guide inayotoa nyota. Tena katika nchi kama Ujerumani na Ufaransa hoteli hailazimiki kuomba nyota, kwa hiyo hoteli nzuri sana inaweza kukosa hata moja kwa sababu mwenyewe hakutaka.

Na vigezo vya nyota za Ulaya hupima zaidi vitu vinavyohesabika. Je, mapokezi yana mtu saa 24? Chakula huletwa chumbani saa ngapi? Lifti ipo? Ladha ya mbunifu, au jinsi chumba chako kitakavyokuwa kitulivu usiku huo, havimo. Hoteli ya nyota 3 yenye chumba kitulivu inaweza kukufaa kuliko ya nyota 5, lakini nyota hazitakuambia hivyo, wala neno butiki halitakuambia.

Dhana potofu: ni ndogo, na mwenyewe yupo mlangoni

Nyingi ni ndogo kweli, ila udogo haujawahi kuwa sharti. Morgans yenyewe ilikuwa na vyumba zaidi ya 100, na Schrager alipofungua Paramount mwaka 1990, mji huohuo wa New York, vyumba vilikaribia 600.

Kuhusu mwenyewe: kampuni kubwa ziliingia zamani. Kampuni ya Starwood ilianzisha hoteli za jina la W mwaka 1998. Marriott iliungana na Schrager huyohuyo mwaka 2007 kuunda hoteli za Edition, kisha mwaka 2016 ikainunua Starwood. Kampuni nyingine kubwa, IHG, ilikubali kuinunua kampuni ya Kimpton mwishoni mwa mwaka 2014 kwa dola milioni 430. Kuna pia mikusanyiko kama Autograph Collection ya Marriott na Curio ya Hilton, ambamo hoteli hubaki na jina lake huku ikitumia mfumo wa kampuni kuu wa kuuza vyumba. Mimi sioni ubaya wowote hapo. Linalotakiwa ni kujua uko kwa nani. Kwenye hoteli iliyo chini ya kampuni kubwa kuna pointi za uanachama, na kuna makao makuu ya kupelekea malalamiko. Kwenye hoteli ya mtu binafsi, meneja anaweza kukubadilishia chumba papo hapo bila kumuuliza mtu, lakini akikataa, mara nyingi hakuna wa juu yake wa kumwendea.

Dhana potofu: ikipendeza, basi ni ya kifahari

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Andrée Putman, aliyebuni mambo ya ndani ya Morgans, alikuwa na bajeti finyu. Vigae vyeusi na vyeupe vya mabafu yake, vilivyokuja kuigwa kila mahali, vilikuwa vigae vya bei rahisi vilivyopangwa na mtu mwenye jicho. Namheshimu sana kwa kazi hiyo, na ndiyo inayoonyesha kwamba ubunifu na anasa ni vitu viwili. Chumba kinaweza kuwa na taa ya kupendeza kando ya kitanda, na hapohapo kikakosa kabati la nguo, birika la chai na meza ya kuandikia. Ukivihitaji, ulizia kimojakimoja.

Dhana potofu: chumba cha kwenye picha ndicho utakacholala

Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi, na ndipo pa kutumia muda.

Picha ya kwanza kwenye tangazo kwa kawaida ni ya chumba bora kuliko vyote. Katika jengo lililojengwa likiwa benki, ghala au nyumba ya kuishi, vyumba haviwezi kulingana: kimoja kimeangukia pembeni kikapata madirisha mawili, kingine kiko chini ya mteremko wa paa, kingine kinatazama ukuta wa jirani. Chumba cha bei ya chini kabisa mara nyingi ni kimoja cha hivyo vya mwisho, na majina kama "chumba kizuri kidogo" hayakuambii ni kipi. Tafuta mita za mraba. Chini ya mita 14 kwa watu wawili, masanduku mawili hayafunguliwi sakafuni kwa wakati mmoja. Kisha tafuta maneno kuhusu dirisha: linafunguka? Linatazama nje, au ua wa ndani? Maelezo yakinyamaza kabisa kuhusu dirisha, uliza kabla hujalipa.

Jengo likiwa limehifadhiwa kisheria kwa sababu ya historia yake, mwenyewe anaweza kuzuiwa kubadili madirisha ya mbele, kupanua ngazi au kuweka lifti. Mtu mwenye magoti mabovu, au mwenye mtoto wa kubeba, asichukulie kwamba hoteli ya kisasa lazima iwe na lifti. Na hata ikiwepo, huenda ikaishia ghorofa moja chini ya chumba chako.

Halafu bafu. Wabunifu wa hoteli hizi wanapenda mno ukuta wa kioo kati ya kitanda na bafu, kwa sababu huleta mwanga na hufanya chumba kidogo kionekane kikubwa. Kwa wanandoa si neno. Kwa anayesafiri na mama yake, au marafiki wawili wanaogawana gharama, ni aibu ya siku tatu. Uliza kama choo kina mlango unaofungwa. Swali hilo halimshangazi mtu yeyote wa mapokezi, ameshaulizwa.

Sasa ile gharama ya usiku niliyoitaja, yaani kelele. Ukumbi wa chini ukiwa ndio kivutio, muziki wake hupanda. Baa ikiwa juu ya paa, nayo hushuka. Kwa hiyo ule ushauri wa kuomba ghorofa ya juu haufai kila mahali: penye baa ya paani, ghorofa ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote. Omba chumba cha nyuma, mbali na lifti na mbali na mlango wa stoo ya wahudumu wa usafi, katika ghorofa za kati. Soma maoni ya wageni waliolala Ijumaa na Jumamosi, maana aliyelala Jumanne anazungumzia hoteli nyingine kabisa.

Dhana potofu: tovuti kubwa za kuweka nafasi ndizo zenye bei ya chini siku zote

Tovuti hizo huikata hoteli kamisheni, mara nyingi kati ya asilimia 15 na 25 ya bei. Kwa miaka mingi mikataba yao iliikataza hoteli kutangaza bei ya chini kwenye tovuti yake yenyewe. Ufaransa ilivunja masharti hayo kwa sheria mwaka 2015, na mwaka 2024 Booking.com iliyaondoa katika Eneo la Uchumi la Ulaya kufuatia sheria mpya ya masoko ya kidijitali. Hoteli sasa ina nafasi ya kukupunguzia, au kukuongezea kifungua kinywa au muda wa kutoka, ukiipigia moja kwa moja. Si kila moja itafanya hivyo, ila simu moja haina hasara. Linganisha kwanza masharti ya kughairi, kwa sababu bei ya chini isiyorudishwa si bei sawa na ile unayoweza kuifuta.

Siku nazo zina uzito kuliko watu wanavyodhani. Katika mji wa ofisi na mikutano, vyumba hujaa Jumatatu hadi Alhamisi, na bei hushuka wikendi. Katika mji wa watalii ni kinyume. Usiku wa kuamkia Jumatatu mara nyingi huwa nafuu katika miji yote miwili, kwa sababu watalii wameondoka na wafanyabiashara hawajafika.

Bei unayoiona pia huenda haijakamilika. Amsterdam hutoza kodi ya wageni ya asilimia 12.5 ya bei ya chumba tangu mwaka 2024. Marekani, hoteli nyingi za mjini zilikuwa zikiongeza ada ya lazima dakika ya mwisho. Tangu Mei 2025 kanuni ya shirikisho inazitaka zionyeshe jumla yenye ada hizo tangu mwanzo, ingawa kodi za serikali zinaweza kuongezwa baadaye.

Dhana potofu: Ulaya una siku 14 za kubadili nia

Huna. Haki hiyo ipo kwa manunuzi mengi ya mtandaoni, lakini maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011 kuhusu haki za walaji yameyatoa malazi ya tarehe maalumu. Ulichokubali wakati wa kulipa ndicho kinachokubana.

Dhana potofu: amana ni maneno tu

Mapokezi wakichukua kadi yako kwa ajili ya vinywaji vya friji na uharibifu, benki huzuia kiasi fulani. Ukitumia kadi inayochota moja kwa moja kwenye akaunti, hizo ni fedha zako halisi ambazo huwezi kuzigusa, na kuachiwa kwake hutegemea benki, pengine siku kadhaa baada ya kuondoka. Mwenye bajeti ya kubana aulize kiasi mapema. Na mashine ikikuuliza ulipe kwa sarafu ya kwenu au ya pale ulipo, chagua ya pale. Kubadilishiwa fedha na mashine karibu kila mara ni ghali zaidi.

Dhana potofu kuhusu mlango, kadi na sefu

Uvumi kwamba kadi ya kufungulia chumba hubeba namba ya kadi yako ya benki ulisambaa kwa barua pepe mwaka 2003, na bado unazunguka. Kwa kawaida kadi hiyo hubeba msimbo wa mlango na muda wa kukaa tu. Ikiacha kufanya kazi, na ni ile yenye ukanda mweusi, kuna uwezekano imekaa na sumaku ya kifuko cha simu.

Kinachostahili hofu ni kuamini kwamba kufuli la kielektroniki halishindiki. Mwaka 2024 watafiti walitangaza udhaifu katika kufuli za Saflok, zilizofungwa kwenye milango zaidi ya milioni 3 katika nchi 131. Usiku tumia mnyororo au komeo la mkono lililopo ndani. Kibao cha "usinisumbue" nacho hakimaanishi kwamba hakuna atakayeingia: baada ya mauaji ya Las Vegas ya Oktoba 2017, ambapo mtu aliufyatulia umati risasi kutoka chumba chake cha hoteli, hoteli nyingi zilibadili taratibu ili wafanyakazi wakague chumba baada ya muda fulani hata kibao kikiwepo.

Sefu ya chumbani ina namna ya kufunguliwa na hoteli, lazima iwe nayo, kwa sababu wageni husahau namba. Kwa kitu cha thamani kubwa, kabidhi mapokezi upewe stakabadhi. Mkataba wa Baraza la Ulaya wa mwaka 1962 unaweka kikomo cha fidia kwa mali uliyokuja nayo, ila hauweki kikomo kwa mali uliyoikabidhi hoteli ikutunzie.

Dhana potofu: nafasi ikishalipiwa, saa ya kufika haijalishi

Vyumba kwa kawaida hutolewa kuanzia saa 9 alasiri na hurudishwa kabla ya saa 5 au 6 mchana. Ukifika asubuhi, wengi watakutunzia mzigo bila malipo ukatembee, na vivyo hivyo siku ya kuondoka. Tatizo ni wanaofika usiku. Ukitua saa 8 usiku wa kuamkia Jumamosi, chumba unachokihitaji ni cha Ijumaa. Ukichukua cha Jumamosi utasubiri hadi alasiri. Usipotoa taarifa kwamba utachelewa, hoteli inaweza kukuhesabu kuwa hukutokea, na siku zote zilizobaki ulizolipia zikafutwa. Isitoshe, baadhi ya hoteli mpya hazina mtu mapokezi baada ya usiku wa manane, na mlango wa nje hufunguliwa kwa namba inayotumwa kwenye simu. Waandikie saa yako ya kufika, uombe namba hiyo iletwe kabla hujapanda ndege, na uwe na simu ya mtu anayepokea saa hizo.