Jiko la mama muuza samaki halilingani na gari la Marekani

Pale Kondele, Kisumu, utasikia watu wakisema joto la dunia limeletwa na sisi tunaopikia mkaa. Dhana hii ni ya zamani, nayo si kweli.

Mkenya wa kawaida hutoa chini ya nusu tani ya hewa ya ukaa, ile inayoipasha dunia joto, kwa mwaka kutokana na mafuta na makaa ya mawe. Mmarekani hutoa takriban tani 14. Hesabu hiyo haigusi mkaa wa miti, ni kweli, lakini hata ukiujumlisha, pamoja na ng'ombe na misitu iliyokatwa, bado tuko mbali naye sana. Safari moja ya ndege, Nairobi hadi London na kurudi, hutoa karibu tani nzima ya hewa hiyo kwa kila abiria.

Umeme wetu nao mwingi hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, kaunti ya Nakuru, kwenye maji na upepo. Kwa hiyo kuzima taa Kisumu kunapunguza bili kuliko hewa chafu.

Mkaa una ubaya wake: moshi kifuani, miti kuisha. Jiko la kuokoa mkaa lafaa kwa sababu hizo. Ama kupunguza joto la dunia, Mmarekani aanzie kwenye gari lake.