Bakteria wa puani kwa vijana wazima: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ukikutwa na bakteria puani, wewe ni mgonjwa.

Si kweli. Ukiwapima vijana 10 wazima wa bweni lolote Tabora, usishangae wawili au watatu wakiwa na bakteria aitwaye stafilokokasi aureasi. Wengine humbeba kwa muda, akaondoka, kisha akarudi. Makao yake ni mlangoni mwa pua, kwenye ngozi yenye vinyweleo, na hapo hawashi wala hatoi usaha. Daktari wa Uskoti, Alexander Ogston, alimwona kwenye usaha wa majipu mwaka 1880, amejikusanya mithili ya kichala cha zabibu.

Matata huanza anapohamishwa. Kidole kinatoka puani, kinagusa mchubuko, au kwapa lililonyolewa asubuhi kwa wembe wa kuazima, na jipu linaota. Kiangazi vumbi likikausha kamasi mpaka pua iwashe, lainisha kwa maji safi, penga, nawa mikono. Usichokonoe.

Dhana: Amoksilini ya siku tano itasafisha pua.

Hii ndiyo inayotuumiza zaidi, kwa sababu dawa inanunuliwa bila faida na madhara yanabaki. Aina nyingi za bakteria huyu hutengeneza kimeng'enya kinachovunja penisilini, na amoksilini ni ya ukoo huohuo. Yeye anapona, wanakufa majirani zake wanaomdhibiti. Mwaka 2016 watafiti wa Tübingen, Ujerumani, walionyesha kwamba jirani mmojawapo, stafilokokasi lugdunensisi, hutengeneza kemikali inayomuua aureasi. Waliiita lugdunini.

Kumwagia kidonda unga wa kapsuli ya tetrasaiklini nako ni kosa: kipimo hakijulikani, juu panakauka, chini usaha unaendelea. Jipu lililoiva lipasuliwe na mhudumu wa afya, usaha utoke. Usilikamue mwenyewe, hasa likiwa puani au juu ya mdomo.

Kusafisha pua kwa dawa kupo, lakini kwa sababu maalumu, kwa mfano kabla ya upasuaji wa moyo. Hutumika marhamu ya mupirosini ya asilimia 2, mara 2 kwa siku, kwa siku 5. Hata hapo, wengi hurudiwa na bakteria baada ya wiki au miezi.

Dhana: Kipimo ni kupitisha pamba puani tu.

Kijiti kiloweshwe kwa maji ya chumvi yasiyo na vijidudu, kiingie sentimita 1 hadi 2, kizungushwe mara 5 kwenye ukuta wa pua, kisha tundu la pili kwa kijiti hichohicho. Kikavu hakinasi vizuri. Kikisafirishwa juani kwenye bodaboda bila kiowevu cha kusafirishia, bakteria hufa njiani na majibu yanakuja "hakuna" kumbe yupo.

Maabara humwotesha kwenye chakula chenye chumvi ya asilimia 7.5, nyuzi 35 hadi 37, saa 24. Rangi ya njano inayojitokeza hapo pekee haitoshi. Lazima agandishe plazma, yaani majimaji ya damu, ndicho kipimo cha koagulasi. Kisha huwekwa kijisahani cha karatasi chenye mikrogramu 30 za sefoksitini, dawa ya kuua bakteria. Duara lisiloota bakteria likiwa na kipenyo cha milimita 21 au pungufu, huyo ni sugu kwa methisilini, dawa ya ukoo wa penisilini.

Dhana: Kupasha moto kiporo kunamaliza hatari.

Bakteria atakufa, sumu yake haifi kwa kuchemka. Mpishi akigusa pua kisha wali, ukakaa saa kadhaa bila kuwekwa baridi, walaji wataanza kutapika ndani ya saa 1 hadi 6. Wali wa namna hiyo mwaga.