Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa si rais wa dunia

Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa ndiye rais wa dunia, na kwamba vita vikizuka popote angepiga simu moja tu, askari wakarudi kambini. Sasa nimefikia umri wa kupiga kura, na bado nawasikia watu wazima wakiuliza kwa uchungu kwa nini haamuru vita viishe.

Hana mamlaka hayo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945 unamtaja kuwa ofisa mkuu wa utawala. Jeshi hana, kwa kuwa walinda amani hutolewa na nchi wanachama, na maamuzi yenye nguvu ya kulazimisha hutoka katika Baraza la Usalama lenye wajumbe 15, ambamo Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa kila moja inaweza kuzuia azimio kwa kura ya turufu.

Hata kiti chenyewe hakipatikani bila ridhaa ya hao watano. Mwaka 1981 Salim Ahmed Salim wa Tanzania, ambaye hadi leo namwonea fahari, alizuiwa na Marekani huku China ikimzuia Kurt Waldheim wa Austria, aliyekuwa Katibu Mkuu wakati huo, mpaka akachaguliwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.

Alichonacho ni sauti. Ibara ya 99 ya Mkataba huo inamruhusu kulifikishia Baraza jambo linalotishia amani, na António Guterres, akiwa Katibu Mkuu, aliitumia Desemba 2023 kuhusu vita vya Gaza. Siku mbili baadaye azimio la kusitisha mapigano likaangushwa kwa turufu ya Marekani.