Bustani ya Fundi wa Nyavu: nusu hekta usiyoweza kuiona yote

Wateja wangu wengi huniomba kitu kimoja: wakifungua geti, waione bustani nzima. Nyasi mpaka ukutani, maua pembeni, basi. Nikianza kueleza kwa nini silipendi wazo hilo, huwa naishia Suzhou, China, kwenye bustani iitwayo Wangshi Yuan. Leo nimeona niiandike kabisa.

Nianze na jina. Wang ni wavu, na shi ni mtu aliyebobea katika kazi yake, yaani fundi. Kwa hiyo ni Bustani ya Fundi wa Nyavu, ingawa waliojulikana kuimiliki walikuwa maofisa na matajiri, si wavuvi. Aliyejenga mahali pale kwanza, katika karne ya 12 enzi ya Song ya Kusini, ni ofisa wa serikali aitwaye Shi Zhengzhi. Jumba lake aliliita Ukumbi wa Juzuu Elfu Kumi kwa sababu ya vitabu vyake, na bustani akaiita Maficho ya Mvuvi. Baada yake pakachakaa. Karne ya 18 ofisa mwingine, Song Zongyuan, akapafufua na kupapa jina la sasa. Mwaka 1795 pakaingia mikononi mwa Qu Yuancun, na mpangilio tunaouona leo kwa sehemu kubwa ni wa wakati wake.

Kwa nini mvuvi? Katika fasihi ya Wachina, mvuvi ni mtu aliyeyapa kisogo mambo ya ikulu. Upo ushairi wa kale ambamo mvuvi anamwimbia waziri aliyefukuzwa: maji yakiwa safi, nitafulia kamba za kofia yangu, yakiwa machafu, nitaoshea miguu. Kibanda kilichokaa juu ya maji, kusini mwa bwawa, kinaitwa hivyo hivyo: Kibanda cha Kufulia Kamba za Kofia. Ofisa aliyejiita mvuvi alikuwa akitangaza kwamba vyeo vimemchosha. Mimi huwa nacheka kidogo, maana lango la matofali lililo mbele ya ukumbi mkuu limechongwa hadithi ya Mfalme Wen akimfuata mzee Jiang Taigong mtoni alikokuwa akivua, ili amfanye mshauri wake. Kumbe mvuvi huyu alikuwa bado anasubiri kuitwa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Eneo lote, nyumba na bustani, ni zaidi kidogo ya nusu hekta. Halifikii uwanja wa mpira. Bustani kubwa ya mji huohuo, Zhuozheng Yuan, ni karibu mara kumi yake. Lakini mgeni akiingia Wangshi huzunguka na kuzunguka, akadhani pana zaidi. Siri iko kwenye bwawa la katikati, ambalo ni kama nusu mu kwa kipimo cha Kichina, yaani karibu mita za mraba 330. Mtu mwingine angeligawa kwa madaraja na visiwa. Wao waliliacha wazi, kisha wakaficha miisho yake. Mawe ya ukingoni yamepangwa yakining'inia juu ya maji, chini yake pana giza, na jicho linaamini kwamba maji yanaendelea. Kwenye kona ya kusini mashariki kuna kijito chembamba kinachopotea kati ya mawe. Juu yake wameweka daraja la mawe la upinde, dogo mno, unalivuka kwa hatua chache. Hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Ukubwa wa maji unapimwa na kilicho jirani: weka daraja kubwa, bwawa linakuwa beseni.

Kwa sababu hiyohiyo, majengo makubwa yamerudishwa nyuma. Ukumbi wa kaskazini umesimama nyuma ya misonobari na miti mingine ya kale, na ule wa kusini umefichwa na kilima cha mawe ya manjano. Vilivyosogea majini ni vibanda vyepesi tu. Upande wa mashariki ndipo palipokuwa na tatizo la kweli, kwani ukuta mrefu wa nyumba unashuka karibu kabisa na bwawa. Hawakuweza kuusogeza. Wakaupaka chokaa, wakapandisha mimea itambaayo, wakaweka mawe chini na kibaraza chembamba pembeni, hadi ukuta ukawa kama karatasi nyeupe inayosubiri mchoro. Vivuli vya majani ndivyo vinavyouchora.

Magharibi, kibanda cha pembe sita kinaitwa Mwezi Unafika, Upepo Unakuja. Ndani yake kuna kioo. Usiku wa mwezi mpevu, husema wenyeji, unauona mara tatu: angani, majini na kiooni.

Ukivuka mlango wa kaskazini magharibi unaingia ua wa Dianchun Yi, uliopewa jina la peoni zinazochanua majira ya kuchipua yakielekea kuisha. Ni ua mdogo: chumba cha kusomea, kibanda kilichoegemea ukuta, mawe, na chemchemi kwenye kona. Huu ndio ulionakiliwa na mafundi wa Suzhou ndani ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, na kufunguliwa mwaka 1981. Nakala ni nzuri, ila iko chini ya paa, na bustani hii bila mvua ni nusu tu.

Familia ya mmiliki wa mwisho iliikabidhi serikali mwaka 1950, ikakarabatiwa na kufunguliwa kwa umma mwaka 1958, na mwaka 1997 ikaingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO pamoja na bustani nyingine tatu za Suzhou. Kabla ya hapo, miaka ya 1930, waliishi humo wachoraji wawili ndugu, Zhang Shanzi na Zhang Daqian. Shanzi alichora chui milia, na ili awachore vizuri alimfuga mmoja bustanini. Mnyama alipokufa walimzika humohumo. Miaka mingi baadaye Daqian, akiwa mzee huko Taiwan, aliandika kwa brashi maneno ya jiwe la kaburi la chui yule. Jiwe hilo lipo hadi leo ukutani mwa ua wa Dianchun Yi, na ukipita haraka hulioni.