Pindo la Nguo: Yanayoaminika na Yaliyo Kweli

Mteja anapoambiwa kwamba gauni lake limebaki kupindwa tu, mara nyingi huona fundi anamzungusha, kwa kuwa wengi huamini kuwa pindo ni kazi ya dakika tano za mwisho. Ukweli ni kwamba pindo ndilo linaloamua nguo itaanguka vipi mwilini na itadumu kwa muda gani, na haraka ya hapo huonekana kuliko haraka ya mahali pengine popote.

Tuanze na kanga, maana ndiyo nguo ambayo karibu kila nyumba imewahi kuikunga. Wapo wanaodhani kuwa ni lazima ikungwe pande zote nne. Ichukue doti mpya uutazame ubavu wake mrefu: uzi wa mshindio, yaani ule unaofumwa kukata upana wa kitambaa, ukifika pale hugeuka na kurudi ndani, hivyo ukingo huo umekwisha kufungwa kiwandani na haufumuki. Sasa geukia upande mfupi, ulipopita mkasi kutenganisha vipande viwili, uvute uzi mmoja kwa kucha. Utakufuata taratibu kutoka pembe moja hadi nyingine. Upande huo ndio unaohitaji kukungwa.

Dhana nyingine ni kwamba nguo iliyopigwa ovaloki haihitaji tena kupindwa. Ovaloki huzuia nyuzi zisichomoke, lakini haiupi ukingo uzito wa kuivuta nguo chini, wala haiufichi.

Dhana inayoharibu nguo nyingi zaidi, kwa maoni yangu, ni ile isemayo kwamba pindo pana ndilo bora siku zote. Kwa suruali au sketi iliyonyooka ni sawa kabisa. Kwa sketi ya duara kamili mambo hugeuka, kwa sababu ukingo unaopandishwa juu ni mrefu kuliko mahali unaposhonewa. Ukipinda sentimita 5, tofauti hiyo huzidi sentimita 60, iwe sketi ni ya mtoto au ya mtu mzima, na ziada yote hujikusanya kuwa mikunjo ambayo pasi haiwezi kuiondoa. Ukipinda sentimita 1 tu, ziada ni kama sentimita 12 na nusu, nayo ikigawanywa kuzunguka duara zima haionekani. Tena sketi hiyo isipindwe siku ileile iliyoshonwa: itundikwe usiku kucha, kwa kuwa sehemu zilizokaa mshazari hurefuka kwa uzito wake zenyewe, kisha ipimwe kutoka sakafuni kwenda juu, mwenyewe akiwa ameivaa pamoja na viatu vyake.

Kuhusu pasi, si kweli kwamba ni ya kumalizia tu. Pindo lililopigwa pasi kabla ya kushonwa hutulia chini ya sindano na mshono hunyooka.

Wazazi nao huagiza sare ya shule iachiwe pindo kubwa wakidhani kuwa litakapoachiliwa mwakani hakuna atakayejua. Kuacha akiba ni busara, ila sehemu ya nje hupauka kwa jua na kufuliwa, na mkunjo wenyewe huchakaa, hivyo mstari wa zamani hubaki. Fundi anaweza kuuficha kwa kupitisha mishono miwili sambamba juu yake, kwa uzi wa rangi ya kitambaa jinsi kilivyo sasa, si kilivyokuwa kipya.